Nusu Dakika ya Ukimya

Mkuu wa kituo alimpa Inspekta mpaka saa sita mchana. Ikifika saa sita, faili la binti aliyepotea lingefungwa kwa maneno manne, ameondoka kwa hiari yake, na askari wangerudi kwenye kazi zinazoeleweka. Sababu ilikuwa ujumbe mmoja wa simu. Jumamosi saa kumi na mbili jioni, simu ya binti ilimwandikia mama yake kwamba ameondoka na mtu, wakitulia atapiga, wasimtafute. Kisha simu ikazimwa, na leo ilikuwa Jumanne. Mkuu wa kituo, ambaye ana mabinti watatu na hamwamini hata mmoja, aliusoma ujumbe huo mara moja tu akasema kesi imejimaliza yenyewe.

Inspekta hakubishana naye. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mnene kiasi, mwenye viatu vya raba na mkoba uliojaa kalamu, na kituoni walimwita Shangazi kwa kuwa huuliza maswali kama shangazi aliyeletewa mchumba asiyempenda. Alipotoka ofisini kwa mkuu alipita kwenye benchi la wageni. Mama wa binti alikuwa hapo tangu Jumapili. Alikuwa mshonaji, na alikuja na gauni la mteja, akawa analipinda pindo kwa mkono huku anasubiri, maana mikono yake haikujua kukaa bure. Inspekta alimuuliza tena swali la jana, na mama akajibu vilevile bila kuondoa macho kwenye sindano.

"Mwanangu hajawahi kuniandikia, dada. Tangu apate simu hunitumia sauti. Anajua mikono yangu ina kazi saa zote. Sasa siku anayoniaga kabisa ndiyo ajifunze kuniandikia?"

Mkuu wa kituo alikwisha kusema huo si ushahidi, ni uchungu wa mzazi. Inspekta aliuandika kwenye daftari lake kama ushahidi, ukurasa wa kwanza kabisa, kisha akamwambia Koplo alete gari.

Saa tatu walikuwa chuoni, kwenye chumba ambamo wanafunzi wa mwaka wa mwisho huhariri filamu zao. Madirisha yalikuwa yamefunikwa vitambaa vyeusi, hata ukiingia kutoka juani ungedhani magharibi imeshafika. Kulikuwa na kompyuta mbili, ndoo iliyokinga maji ya kiyoyozi, na ukuta mzima uliobandikwa karatasi. Mbele ya kompyuta moja alikaa msichana mwembamba ambaye wenzake walimwita Mhariri tu, kwa kazi yake. Alisimama kuwasalimu akaangusha kikombe, akaomba radhi mara tatu kwa kikombe ambacho hata hakikuvunjika.

Filamu yao ilikuwa ya zile za giza, nyeusi na nyeupe, zenye mwanamke mwongo, mwanamume aliyekwisha, kofia, moshi, na kivuli cha pazia la vibao juu ya uso wa kila mtu. Waigizaji walivaa makoti mazito kwenye joto la kuwatoa watu roho. Koplo, ambaye alibakiza miaka miwili astaafu na alipenda picha zenye mwanga, aliuliza kwa nini hawakuwasha taa. Mhariri akamwambia kwa adabu kwamba pale taa tisa zilikuwa zinawaka.

Walirekodi kwenye nyumba ya marehemu bibi yake mwongozaji, nyumba tupu nje kidogo ya mji, Jumamosi nne mfululizo. Binti aliyepotea ndiye aliyekuwa mrekodi sauti. Jina lake la utani lilikuwa Sikio, na Mhariri alisema halikuwa la mzaha: Sikio alikuwa anaweza kumwambia mwigizaji katikati ya mazungumzo kwamba tumbo lake linanguruma, ashibe kwanza ndipo warudie. Jumamosi ya mwisho waigizaji na washika taa waliondoka saa nane mchana, na Koplo alikwisha kuwahakiki wote, mmoja mmoja. Mhariri aliondoka saa tisa na kadi ya kwanza ya sauti ili aanze kuinakili. Walibaki Sikio na mwongozaji.

Mwongozaji aliitwa, akaja na skafu shingoni. Wenzake walianza kumwita Maestro kwa kejeli, naye akalipenda jina, kejeli ikafa yenyewe. Inspekta alimtaka aeleze tena siku ile. Kijana akaeleza. Walimaliza saa kumi kamili, alifunga nyumba kwa mkono wake, akafunga na geti, akamwona Sikio akienda zake kituo cha basi na begi mgongoni, hakugeuka nyuma. Inspekta alikuwa na maelezo yake ya jana mkononi, akayafuata kwa ncha ya kalamu. Hakukosea neno. Hata ile hakugeuka nyuma ilikuwa mahali pake. Shangazi alikuwa amesikiliza watu kwa miaka ishirini na saba, na alijua kwamba mtu anayesema kweli husahau kidogo, hujirudi, hugombana na kumbukumbu yake. Huyu alikuwa amekariri.

Koplo naye alikuwa na lake. Alimwomba Mhariri arudishe kipande kimoja alichokipita haraka. Kwenye picha hakuna mtu, ni kiti na kivuli tu, ila nyuma ya kamera watu wawili wanagombana. Sauti ya msichana inasema wamerekodi na mngurumo ndani, haitumiki, warudie. Sauti ya Maestro inajibu, imejaa hasira: "Siku moja nitakufungia mahali usisikike, ndiyo nitamaliza filamu yangu."

Maestro aliinua mikono, akasema ni maneno ya kazini tu, kila siku wanaambiana hivyo, waulizwe wote. Koplo alimwangalia bosi wake kama mtu anayeuliza kama atoe pingu sasa au baadaye. Inspekta hakuwa anamtazama Maestro. Alikuwa anamtazama Mhariri, ambaye kwenye sauti ya vitisho hakushtuka hata kidogo, kwa hiyo kilichokuwa kinamtetemesha msichana huyu tangu asubuhi kilikuwa kingine.

Akamtoa Maestro nje na Koplo, akavuta kiti karibu na kompyuta.

"Za sauti ziko wapi, mwanangu?"

Mhariri alifungua orodha. Sauti za filamu zenyewe hazikutoka kwenye kamera, ile ya kamera ni ya kulinganishia picha tu. Sikio alizirekodi kwa chombo chake, kila faili na namba yake. Faili la kwanza la kila siku lilianza namna moja: mlio wa mlango, kisha sauti ya Sikio mwenyewe, nzito kidogo, isiyo na haraka. Friji imezimwa. Funguo ndani. Na faili la mwisho la kila siku lilimalizika na sauti hiyohiyo: Friji imewashwa. Funguo mkononi. Inspekta alizisikiliza Jumamosi tatu za mwanzo, na kila siku ilifunguka na kufungwa hivyo kama sala.

Alitaka kujua maana yake. Mhariri akaeleza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliongea bila kutafuta maneno, maana alikuwa anaelezea kazi. Friji inanguruma. Ukirekodi inanguruma, sauti imeharibika, kwa hiyo mrekodi huizima. Tatizo ni kwamba mwisho wa siku watu wamechoka, wanasahau kuiwasha, vitu vya watu vinaoza. Basi warekodi sauti wana desturi yao: wanaweka ndani ya friji kitu ambacho bila hicho huwezi kwenda nyumbani. Sikio aliweka funguo za chumba chake. Hawezi kulala kwake bila funguo, hawezi kuchukua funguo bila kufungua friji, akifungua anakuta kiza ndani, anakumbuka kuiwasha.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu. Maestro sauti anaiita mapambo. Mwalimu wetu anafundisha somo lenyewe, lakini kwa kitabu. Hajawahi kubaki mpaka tunafunga..."

Akakatika. Mkono wake ulibaki juu ya meza, vidole vimesimama. Jumamosi ya mwisho ilikuwa na mwanzo, friji imezimwa, funguo ndani. Mwisho wake ulikuwa kwenye kadi ya pili, na kadi ya pili ilipotea na Sikio. Inspekta alimwona msichana akilifikia wazo hilo mwenyewe, akamwacha alifikie bila kumsukuma. Kama friji ile ilikuwa inawaka, binti aliondoka na funguo zake. Kama ilikuwa imezimwa, basi hakuondoka.

"Na hili?" Inspekta aliuliza, akagusa kioo kwa kalamu. Namba zilikwenda arobaini, arobaini na moja, arobaini na mbili, kisha arobaini na nne.

Mhariri alisema faili hilo liliharibika. Alilisema kwa sauti ya chini, akiwa ameshika shingo yake mwenyewe. Inspekta aliandika namba arobaini na tatu kwenye daftari, akaizungushia duara, akapita.

Faili la arobaini alitaka kulisikiliza mpaka mwisho. Halikuwa na kitu. Mhariri akamwambia huo ndio ukimya wa chumba: kila mahali wanaporekodi, watu wote husimama kimya nusu dakika, na mrekodi hurekodi ule ukimya, kwa sababu kila chumba kinanyamaza kivyake na mhariri huuhitaji kuziba mianya. Siku ile walikuwa watu saba, na Mwalimu mmojawapo, maana alikubali kuigiza mzee mmoja wa kofia mwenye maneno mawili matatu. Saba, na hakuna aliyesikika hata kumeza mate. Inspekta alivua hedifoni akasema alikuwa hajawahi kusikia watu waliotulia hivyo nje ya makaburi.

Alipokuwa anaondoka alisimama mbele ya ukuta wa karatasi. Huo ndio ulikuwa mpango mzima wa filamu, kila onyesho limechorwa kwa penseli na ukurasa wa muswada umebandikwa chini yake. Yaliyokwisha kurekodiwa yalikatwa mstari. Onyesho la thelathini na moja lilikuwa halijakatwa. Mchoro ulionyesha mwanamume wa kofia anafunika mfuniko wa tangi la maji la chini ya ardhi, na mkono wa mwanamke ukionekana ukingoni. Pembeni ya ukurasa mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Haiaminiki. Majirani wangesikia. Chini yake Maestro alijibu kwa bluu: Jirani ni fundi chuma, grainda inalia mchana kutwa.

"Wino mwekundu ni wa nani?"

"Ni wa Mwalimu," Mhariri alisema. "Anasahihisha kila ukurasa."

Na Mwalimu mwenyewe alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemsikia akifika. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi hadi kwenye mikono, anatafuna peremende taratibu, na alimpa Inspekta mkono kwa heshima zote. Alisikitika sana. Alisema binti huyo alikuwa na kipaji, ila kichwa chake kilikuwa kwingine, mambo ya vijana, afande anayajua. Yeye Jumamosi aliondoka saa nane na nusu baada ya kuigiza kisehemu chake. Alipoambiwa kwamba polisi wanakwenda tena kwenye ile nyumba, alisema ataongozana nao, kwa kuwa vifaa vilikuwa vya chuo na yeye ndiye msimamizi. Inspekta alimshukuru. Kisha akamgeukia Mhariri, akamwambia achukue begi la sauti stoo, maiki na hedifoni na chombo cha kurekodia, akamwonyeshe kule kule Sikio alivyofanya kazi, hatua kwa hatua.

Ilikuwa saa nne na nusu walipofika. Nyumba ilikuwa ya matofali, ukumbi, vyumba viwili na jiko, na ua uliozungushiwa ukuta. Ng'ambo ya ukuta mmoja fundi chuma alikuwa kazini, na grainda yake ya kukatia chuma ilikuwa inapiga kelele ya kutoboa meno. Koplo alisema jana ilikuwa hivyohivyo. Aliizunguka nyumba nzima akiita jina la binti, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. Maestro alifungua mlango. Ukumbini pazia la vibao lilikuwa bado linaning'inia, likichora mistari myeusi sakafuni, na kofia ya yule mzee ilikuwa juu ya kiti, imelala vizuri kama inayosubiri mwenyewe.

Inspekta alikwenda jikoni moja kwa moja. Alivaa glavu. Friji ilikuwa nyeupe, ndogo, ya zamani, na alipoweka kiganja ubavuni haikutetema. Akavuta mlango. Ndani kulikuwa na kiza, chupa ya maziwa iliyovimba, harufu ya kukunja uso, na kwenye rafu ya juu, zimelazwa kwa uangalifu, funguo mbili. Kishikizo chake kilikuwa kastabini ya shaba, ile kofia ndogo ya kidole ambayo washonaji huvaa wasijichome sindano.

Alijua ni ya nani bila kuuliza. Alizipiga picha, akazitia kwenye mfuko wa vielelezo, na ikambidi asimame kidogo akiwa ameupa mlango mgongo, kwa sababu alikuwa amemkumbuka mama kwenye benchi.

Alipogeuka alimkuta Maestro amekaa sakafuni na skafu mkononi. Kijana hakuhitaji kuulizwa zaidi ya mara moja. Hakufunga nyumba yeye. Saa tisa na nusu Mwalimu alirudi, akasema atahesabu vifaa pamoja na Sikio, akamwambia aache funguo aende zake. Jumapili akampigia simu. Alimwambia binti ametoroka, na kwamba ikijulikana funguo hazikuwa kwake filamu itafutwa na mwaka wake wa mwisho utakwenda na maji. Akamfundisha na maneno ya kusema.

"Mimi ndiye mtu wa mwisho kumwona, afande," alisema. "Aliniambia nikilitoa hilo mtanikamata mimi. Nikaogopa."

Inspekta alimtazama Mwalimu. Mwalimu alibadilisha peremende upande wa shavu. Alikiri kwamba alirudi, kwa dakika kumi tu, alihesabu vifaa na binti akaondoka mbele yake. Hakulisema mapema kwa kuogopa kuonekana amevunja utaratibu, na kwa hilo anaomba radhi. Kama binti alisahau funguo, basi ndiyo hivyo vijana walivyo. Alijibu vizuri sana. Mahakamani majibu ya namna hiyo huwa yanapeta, na Inspekta alilijua hilo.

"Sawa, Mwalimu," alisema. "Tumalizie hatua zilizobaki, tusikuchoshe. Mwanangu, baada ya friji alikuwa anafanya nini?"

Mhariri alisema alikuwa anatundika kitambaa chekundu ukutani. Waliafikiana na fundi chuma tangu wiki ya kwanza: akikiona kitambaa, anazima grainda. Kilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Koplo alikitundika juu ya ukuta, na baada ya muda kidogo kelele ile ikashuka, ikalegea, ikakatika. Ukimya ulioingia pale ulikuwa mzito kuliko kelele. Hata ndege hawakuwepo.

Mhariri alivaa hedifoni, akainua maiki kwenye mti wake mrefu. "Sauti inakwenda," alisema kwa mazoea. "Ukimya wa chumba, jikoni." Nusu dakika ikapita, watu watano wamesimama kama vinyago. Hakukuwa na kitu. Akasema Sikio alikuwa anarekodi na uani pia, kila siku, kwa ajili ya maonyesho ya nje. Wakatoka uani. Kulikuwa na kamba ya nguo, sinki lililopasuka, na kwenye kona rundo la mbao za kujengea seti ya filamu, zimelala chini. Mhariri akainua maiki, akaanza kuigeuza polepole kuelekea konani.

Mwalimu akakohoa.

Aliomba radhi. Wakaanza upya. Maiki ilipofika palepale akakohoa tena, mara mbili, kwa nguvu, akasema ni vumbi la chuma. Inspekta alitazama saa yake, kisha akamtazama usoni. Shati lililopigwa pasi lilikuwa limeanza kulowa kwapani.

"Jumamosi ulisimama nusu dakika hujameza hata mate," alimwambia. "Nimekusikiliza leo asubuhi. Na vumbi lilikuwa hilihili."

Mwalimu alianza kusema kitu kuhusu sheria na haki zake, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, sauti ya mtu anayehutubia ukumbi. Koplo alikwishaelewa. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akamtoa hadi barabarani bila papara, na maneno yakawa yanafifia nje ya geti mpaka mlango wa gari ulipofungwa.

"Rudia," Inspekta akasema.

Mhariri alirudia. Zilipita sekunde kumi, kumi na tano. Inspekta alikuwa hasikii lolote ila damu kwenye masikio yake mwenyewe, akawa anasoma uso wa msichana kama asomavyo karatasi. Aliona nyusi zikikunjana. Aliona mdomo ukifunguka. Mhariri alivua hedifoni, akamvisha Inspekta.

Ilikuwa chini kabisa, nyuma ya ule ukimya. Tok. Tok. Tok. Kisha kimya. Kisha tena tok, tok, tok, kitu kigumu kinagonga saruji, dhaifu, bila matumaini, kama mtu aliyekwisha kugonga siku tatu na sasa anagonga kwa sababu tu hajui kuacha.

"Hizo mbao," Maestro alisema nyuma yao, sauti imemkauka. "Mimi nilizisimamisha ukutani. Hapo chini ndipo tangi la bibi lilipo."

Hakuna aliyesubiri mwingine. Walizitupa mbao zile kwa mikono, Maestro, Inspekta na Mhariri, na Koplo akarudi mbio akawakuta wamefika kwenye mfuniko wa chuma. Waliuinua wanne. Harufu ya unyevu ikapanda. Inspekta alipiga magoti akamulika tochi, na mwanga ukashuka kwenye kuta za saruji, kwenye maji yasiyofika kifundo cha mguu, hadi kwenye uso ulioinuka na kufumba macho. Binti alikuwa ameegemea kona, mguu mmoja umekunjika vibaya, na kipande cha tofali kilikuwa mkononi mwake. Hata baada ya kuwaona aligonga mara tatu nyingine.

Koplo, mtu wa karibu kustaafu, alishuka kwa ngazi ya fundi chuma, akapanda naye begani. Walimlaza kwenye vitambaa vyeusi vya filamu, kivulini, wakamlowesha midomo kwa maji kidogo kidogo mpaka gari la wagonjwa lije. Sauti yake haikubaki. Ilikuwa ni pumzi tu yenye kukwaruza. Inspekta alimwinamia. Alichokipata kilikuwa sentensi moja: "Mwalimu aliona maiki iko wazi, inarekodi." Hakumtaka aseme zaidi. Alitoa simu yake, akatafuta namba ya mshonaji, akabonyeza kitufe cha sauti na kuishika karibu na midomo ile iliyopasuka.

"Mama," binti alisema. "Mama, ni mimi."

Inspekta akaituma hivyohivyo, sekunde nne.

Gari la wagonjwa lilipoondoka ilikuwa saa tano na dakika hamsini. Alimpigia mkuu wa kituo, akamwambia faili lisifungwe, na asiposikia vizuri atarudia. Mwalimu alikuwa kwenye gari la polisi, pingu mkononi, anatazama mbele. Hakuwa anatafuna tena. Lakini Inspekta alizijua kesi hizi. Binti akipona atasema alisukumwa, na wakili mzuri atasema aliteleza. Ataulizwa kwa nini mtu mzima, mwenye heshima zake, angefanya jambo kama hilo, na swali hilo lilikuwa halijapata jibu kwenye daftari lake. Lilikuwa na duara tu, na ndani ya duara namba.

Alimkuta Mhariri jikoni, peke yake, amesimama mbele ya friji iliyo wazi. Ameshatoa maziwa yaliyooza akayamwaga. Aliuliza kama wameshapiga picha zote. Inspekta akamwambia zote. Basi msichana akafunga mlango, akabonyeza swichi ukutani, na friji ikashtuka, ikatetema, ikaanza kunguruma. Ulikuwa mngurumo mbaya kweli, wa kuharibu kazi ya mtu. Chombo cha kurekodia kilikuwa bado kinaning'inia begani mwake. Akakibonyeza, taa nyekundu ikawaka.

"Friji imewashwa," alisema. Akageuka. "Funguo..."

Inspekta aliinua mfuko wa vielelezo, kastabini ikagongana na funguo.

"Funguo mkononi," Mhariri alisema, na machozi yakamtoka wakati huohuo, ila hakuzima chombo. Alisubiri pumzi yake irudi. "Faili namba arobaini na tatu halijaharibika. Nililificha mimi. Ni Jumamosi, saa nane na dakika kumi, maiki iko bado kwenye ukosi wa Mwalimu na hajui. Ananiambia alama zangu ziko nyumbani kwake, niende kuzichukua, niende peke yangu. Sikio alikuwa amevaa hedifoni. Alisikia yote. Alisema Jumatatu tutakwenda wawili kwa mkuu wa chuo. Mimi nilimwambia anyamaze."

Alimtazama Inspekta kama mtu anayengoja kufokewa. Inspekta alivuta kiti kile cha filamu kutoka ukumbini, akaondoa kofia ya mzee juu yake, akaiweka chini, akakaa.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Sauti inakwenda."